Mtoto wangu wa darasa la sita amebadilika tabia tangu aanze kucheza gemu kila siku. Je, ni gemu au kuna jingine?

Mama wa Sakina, Arusha

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote, na kwa wakubwa wangu shikamooni. Nimekuwa nikisoma mijadala ya malezi humu kwa muda mrefu bila kuchangia, lakini leo naandika kwa sababu jambo hili limefika mahali ambapo sijui nilishike wapi.

Nina mtoto wa kiume wa miaka 12, na mdogo wake wa kike mwenye miaka minne. Baba yao ni dereva wa watalii, kwa hiyo wageni wakishaanza kumiminika kuanzia mwezi wa sita anaweza kuwa porini wiki nzima, akirudi analala usiku mmoja na kuondoka na wageni wengine. Mwaka jana alimnunulia kijana PlayStation, yaani mashine ya gemu, iliyotumika. Mwanzoni ulikuwa mpira tu, wakicheza wawili, na kwa kweli nilifurahi kuwasikia wakitaniana sebuleni. Baadaye tulipounganisha intaneti ya nyumbani kwa ajili ya kazi yangu ya ushonaji, ambayo wateja wake wengi nawapata mtandaoni, kijana akahamia kwenye gemu za kupigana risasi anazocheza na watu nisiowajua, akiwa amevaa hedifoni na kuzungumza nao kwa sauti ya juu.

Mabadiliko ninayoyaona ni haya. Alikuwa mtoto mpole, mwenye kucheka hovyo. Sasa ukimwita mara ya pili anajibu kwa ukali. Nikizima mashine anatupa vitu, anabamiza mlango, na siku moja alimsukuma mdogo wake kwa sababu alikanyaga waya. Analala saa sita usiku, wakati mwingine zaidi, na kumwamsha asubuhi ni vita. Mpira wa jioni na wenzake ameuacha. Kwaya ya watoto kanisani ameiacha pia, na anasema inamchosha.

Kuna mambo mawili ambayo yananichanganya. La kwanza ni kwamba umeme ukikatika analalamika kidogo kama sisi wote, kisha anatoka nje na baada ya muda mfupi namsikia akicheka na majirani. Hasira zile kubwa huja pale tu ninapozima mimi. La pili ni kwamba tulipokwenda Marangu kwa bibi yake Desemba, ambako mashine haikuwapo, siku za mwanzo alikuwa amenuna na hakuwa akila vizuri, lakini kabla ya Mwaka Mpya alikuwa anakata majani ya ng'ombe na binamu zake na analala mapema kama zamani. Tuliporudi Sakina, yakarudi yale yale.

Sasa naomba mnisaidie kwa busara. Je, huu ni ugonjwa, ni ukorofi wa umri, au ni malezi yangu? Na je, niiuze hiyo mashine wakati baba yake hayupo?

Mwalimu wa Pasua, Moshi

Mama, pole sana, na hongera kwa kuwa umeangalia kwa makini kabla ya kuhukumu. Mimi nafundisha shule ya msingi, madarasa ya juu, na nikuhakikishie kwamba mtoto unayemweleza ninaye darasani, tena si mmoja.

Ninachotaka kukuomba ni kwamba kabla hujafikiria gemu, ufikirie usingizi. Mwaka 2016 wataalamu wa usingizi wa Marekani walipendekeza kwamba mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12 kwa siku. Mtoto anayelala saa sita usiku na kuamshwa saa kumi na moja na nusu alfajiri ili awahi gari la shule hapati hata saa sita. Mtoto wa namna hiyo hasinzii tu kama mtu mzima anavyosinzia. Wengi wao huwa wakali, hulia kwa jambo dogo, hushindwa kusubiri zamu yao, huruka ruka kitini, na sisi walimu tukiwa na darasa kubwa tunawaita watukutu. Jumatatu ndiyo siku mbaya kuliko zote. Nina mvulana mmoja ambaye kipindi cha kwanza cha Jumatatu macho yako ubaoni lakini vidole gumba vyake vyote viwili vinabofya ukingo wa dawati, kushoto, kulia, kushoto, na ukimuuliza swali anashtuka kama mtu aliyeitwa kutoka chumba kingine. Kufikia Jumatano, kwa kuwa kwao anaruhusiwa kucheza mwisho wa wiki tu, ni mtoto mwingine kabisa.

Mwanga wa kioo nao una sehemu yake, kwa kuwa mwanga mkali wa usiku huchelewesha homoni ya melatonini inayouambia mwili kwamba ni wakati wa kulala. Hata hivyo, kwa uzoefu wangu jambo zito zaidi ni kwamba gemu humwacha mtoto akiwa amepandwa na msisimko. Mtu aliyetoka kukimbizwa na kupigwa risasi dakika tano zilizopita, hata kama ni kwenye kioo, moyo wake bado unadunda, na ukimwambia alale unamwomba jambo ambalo mwili wake hauliwezi wakati huo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mfupi: usianze na kuuza mashine. Anza na kuiondoa chumbani usiku, na mchezo wowote ukome angalau saa moja kabla ya kulala. Fanya hivyo wiki chache, kisha uangalie ni hasira kiasi gani imebaki. Itakayobaki ndiyo ya kuitafutia sababu nyingine.

Fundi wa Ngarenaro, Arusha

Mama yangu, shikamoo. Nina chumba cha gemu huku Ngarenaro, kwa hiyo najua kuna watakaosema natetea ugali wangu. Wana haki ya kusema hivyo, lakini naomba nieleze jambo ambalo wazazi wengi hawalijui kwa kuwa hawajawahi kushika zile padi za kuchezea.

Umeuliza kwa nini hasira huja ukizima wewe na haiji umeme ukikatika. Mechi ya mpira mnaocheza wawili sebuleni unaweza kuisimamisha, ukaenda kula, ukarudi ukaikuta palepale. Gemu ya risasi ya mtandaoni haisimami. Raundi moja inaweza kuchukua dakika 10 hadi 30, na mtoto yumo kwenye timu na wengine watatu wanaomtegemea. Akitoka katikati, timu inabaki pungufu, wenzake wanamtukana, na gemu nyingi humkata pointi za daraja alilolitafuta kwa muda mrefu. Umeme ukikatika hakuna wa kulaumiwa, na hata wenzake wakimuuliza ana jibu. Ukizima wewe, anaona kwamba mama yake mwenyewe ndiye aliyemwaibisha mbele ya watu. Sisemi kwamba ana haki ya kumsukuma mdogo wake. Nasema kwamba hasira ile ina mahali inapotokea, na sehemu yake unaweza kuiondoa kwa kubadilisha namna ya kukatiza. Usimwambie "bado dakika tano," kwa sababu dakika tano hazina maana ndani ya raundi. Mwambie "raundi hii ndiyo ya mwisho," kaa pale karibu mpaka iishe, kisha azime kwa mkono wake mwenyewe. Hapa kwangu nafanya hivyo kila jioni, na watoto wanaotoka wakilia ni wachache sana.

Jambo la pili, na hapa nawasema hata wanaoniletea riziki: gemu hizi za mtandaoni hazikutengenezwa ili ziishe. Zile za zamani ulikuwa unamshinda adui wa mwisho, unaona maandishi yanapita, unalala. Za sasa zinakupa zawadi kwa kuingia kila siku, ukikosa siku moja unapoteza mfululizo wako, kuna nguo za mhusika zinazouzwa wiki hii tu, na kuna masanduku unayofungua bila kujua ndani kuna nini. Hayo masanduku ni bahati nasibu. Ubelgiji mwaka 2018 iliamua kwamba masanduku ya kulipia ya namna hiyo yanaangukia kwenye sheria za kamari. Mtoto wa miaka 12 anapambana na watu wazima waliosomea kumfanya asiondoke, na mimi naona ni kumwonea kumwambia eti ajizuie mwenyewe.

Jambo la mwisho, angalia nyuma ya kasha au kwenye maelezo ya gemu utaona namba ya umri. Nyingi ya hizi za risasi zimeandikwa 16 au 18. Namba hizo si pambo. Na mashine yenyewe ina sehemu ya usimamizi wa familia: unafungua akaunti yako kama mzazi, ya mtoto inakuwa chini yako, halafu unaweka saa za kucheza kwa kila siku, umri wa gemu zinazoruhusiwa, kiasi cha fedha kwa mwezi, na kama anaruhusiwa kuzungumza na watu au la. Wazazi wengi hawajawahi kuifungua sehemu hiyo.

Baba wa Njiro

Naona maneno yamekuwa mengi kwa jambo dogo. Samaki mkunje angali mbichi. China mwaka 2021 ilitangaza kwamba mtoto wa chini ya miaka 18 atacheza gemu za mtandaoni saa moja tu, kuanzia saa mbili hadi saa tatu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu, basi. Taifa lenye watu zaidi ya bilioni moja limeweza, mama mmoja wa Sakina atashindwaje? Uza mashine, kijana atalia wiki moja, na baada ya hapo atarudi kwenye kwaya. Kwangu haikuingia na haitaingia. Watoto kusukumana na kubamiza milango ni matokeo ya kufundishwa kuua kwenye kioo kutwa nzima.

Mshauri wa Afya ya Akili, Moshi

Ndugu zangu, nafanya kazi ya ushauri nasaha kwa watoto na vijana, na nimesita kuandika kwa sababu si haki kumpima mtoto ambaye sijamwona. Nitaeleza yale yanayojulikana, kisha mama atapima mwenyewe.

Shirika la Afya Duniani liliingiza tatizo la uchezaji gemu katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, toleo la 11, lililopitishwa na mkutano wake mkuu mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Dalili zinazotajwa ni tatu, na zote huangaliwa kwa pamoja: mtu ameshindwa kudhibiti uchezaji wake, yaani lini aanze, acheze kwa muda gani, lini aache, gemu imepanda juu ya mambo mengine yote aliyokuwa akiyapenda na ya lazima, na anaendelea au anazidisha hata baada ya kuona madhara. Juu ya hapo, hali hiyo iwe imeharibu kwa kiwango kikubwa maisha yake ya familia, ya shule au ya marafiki, na kwa kawaida iwe imedumu angalau miezi 12, ingawa muda huo unaweza kufupishwa kama dalili zote zipo na ni kali. Shirika lenyewe linasema kwamba wanaofikia kiwango hicho ni sehemu ndogo tu ya wanaocheza. Kwa hiyo kuna watoto wengi ambao gemu inawaumiza bila kuwa wagonjwa, na nadhani mjadala huu unawahusu hao zaidi.

Mama ametaja mambo ambayo yananitia wasiwasi na mengine ambayo yananipa moyo. Kuacha mpira na kwaya kunanitia wasiwasi zaidi kuliko kubamiza mlango, kwa sababu hasira ya mtoto wa miaka 12 ina sababu nyingi, lakini mtoto anapokata kamba moja baada ya nyingine hadi akabaki na moja tu, hiyo moja ikiguswa lazima alipuke. Yaliyonipa moyo ni Marangu. Mtoto ambaye baada ya siku chache za kununa anaweza kurudi kwenye usingizi, kazi na kicheko hajapoteza uwezo wa kufurahia mambo mengine. Kununa kwa siku za mwanzo kulitarajiwa. Ubongo hutoa kemikali iitwayo dopamini tunapopata au kutarajia zawadi, na mwaka 1998 watafiti wa London walionyesha, kwa kuwapiga picha za ubongo watu wazima wanane waliokuwa wakicheza gemu, kwamba dopamini ilitolewa wakati wa mchezo. Hilo halina maana kwamba gemu ni dawa ya kulevya, kwa maana chakula, mpira na maongezi navyo huigusa njia hiyo hiyo. Maana yake ni kwamba mtoto aliyezoea zawadi kila baada ya sekunde chache ataona kukata majani kunachosha mpaka mwili uzoee tena mwendo wa polepole. Ikumbukwe pia kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, inayotusaidia kujizuia, haikomai mpaka mtu avuke miaka 20.

Sasa nije kwa Baba wa Njiro, ambaye namheshimu kwa msimamo wake. Korea Kusini nayo ilijaribu: mwaka 2011 ilianza kuwazuia watoto wa chini ya miaka 16 kucheza gemu za mtandaoni kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na mwaka 2021 serikali ikatangaza kuiondoa sheria hiyo, kwa kuwa watoto walikuwa wamehamia kwenye simu ambazo sheria haikuzigusa, na wengine walitumia vitambulisho vya wazazi. Mama akiuza mashine leo, kesho kijana yuko kwenye chumba cha gemu mtaani au kwenye simu ya rafiki, na sasa hata mama hamwoni. Na kuhusu kuua kwenye kioo, Chama cha Saikolojia cha Marekani kilipitia ushahidi na mwaka 2020 kikaeleza kwamba ushahidi huo hautoshi kusema gemu za mapigano ndizo zinazoleta ukatili wa kweli, ingawa kuna uhusiano mdogo na tabia kama kufoka na kusukumana. Kwa hiyo kumsukuma mdogo wake kunaweza kuwa na chembe ya gemu ndani yake, lakini mtu asitarajie kwamba kesho atakuwa muuaji.

Jambo ambalo watu hulisahau ni kwamba uhusiano huu unakwenda pande zote mbili. Mtoto mwenye huzuni, mwenye wasiwasi, anayeonewa shuleni, au mwenye tatizo la kutotulia, huvutwa na gemu kuliko wenzake, kwa sababu mle ndani anashinda, anasifiwa, na hakuna anayemjua. Kisha gemu inamnyima usingizi na marafiki, na huzuni inaongezeka. Ukiiondoa gemu bila kuuliza alikuwa anakimbia nini, umemwondolea kichaka cha kujifichia ukamwacha na kile anachojificha. Ndiyo maana nauliza, mama: je, hayo mabadiliko yalianza lini hasa? Kuna jambo lolote lililotokea shuleni au nyumbani kipindi hicho?

Na usimsahau binti wa miaka minne. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa umri huo asikae mbele ya kioo zaidi ya saa moja kwa siku, na ikipungua ni vizuri zaidi. Anayekaa pembeni akimtazama kaka yake akipiga risasi naye anahesabiwa yuko mbele ya kioo.

Mama wa Sakina, Arusha

Nashukuru sana nyote, hata Baba wa Njiro, maana nusu ya moyo wangu ulikuwa unasema hivyo hivyo.

Mshauri, swali lako limenifanya nikae chini nikumbuke. Aliacha mpira na baba yake kabla ya kuacha mpira wa nje. Msimu wa wageni ulipoanza baba yake alikuwa amemwahidi kwamba wangemaliza ligi yao ya kwenye mashine, na haikuwezekana kwa sababu safari zilifuatana mpaka mwezi wa kumi. Hapo ndipo alipoanza kucheza na hao wa mtandaoni. Shuleni, mwalimu wake aliniambia kwamba amehamishwa mkondo mwaka huu na rafiki zake wawili wamebaki mkondo mwingine. Sikuyaunganisha mambo haya.

Kuna jambo lingine ambalo sikulitaja. Mwezi uliopita niligundua kwamba fedha zilikuwa zinatoka kidogo kidogo kwenye simu yangu, shilingi elfu mbili, elfu tatu, kwa ajili ya kununulia vitu vya ndani ya gemu. Namba ya siri aliijua kwa sababu mimi mwenyewe humtuma dukani akalipie kwa simu. Nilimchapa. Akakaa kimya siku mbili, hakunijibu hata salamu. Je, hili la fedha ni wizi wa kawaida wa watoto au ni ile dalili ya kushindwa kujidhibiti?

Mwalimu wa Pasua, Moshi

Mama, niseme kidogo kabla Mshauri hajajibu, kwa kuwa la mkondo ni letu sisi walimu. Nenda shuleni ukaonane na mwalimu wa darasa, umweleze kwamba mtoto amepoteza rafiki zake. Si lazima arudishwe mkondo wa zamani. Mara nyingine inatosha kumpanga kwenye kundi la kazi na mtoto mmoja anayeelewana naye, au kumpa wajibu fulani, hasa kama ana kipaji cha kompyuta. Shule haiwezi kulijua hili kama mzazi hajasema, kwa sababu darasani mtoto mkimya hahesabiki kama tatizo.

Mshauri wa Afya ya Akili, Moshi

Namuunga mkono Mwalimu. Kuhusu fedha, kuchukua bila ruhusa ni kosa na anapaswa kulijua hivyo, lakini kabla ya kuliita dalili naomba uzingatie alichonunua. Kama ni vile vitu vinavyoonekana na wenzake, nguo za mhusika, silaha za rangi, basi alikuwa ananunua heshima kwa hao marafiki wapya, na ukiliweka hilo kando ya habari ya mkondo utaona yanafanana. Kama ni yale masanduku ya bahati nasibu, jambo linakuwa zito kidogo, kwa kuwa hapo anajifunza kufukuzia hasara, yaani kutoa fedha zaidi akitumaini kurudisha zilizopotea. Muulize alipata nini ndani yake. Badilisha namba ya siri leo, usimtume tena nayo, na fedha hizo azilipe kwa kazi za nyumbani zenye mwisho unaojulikana, ili adhabu iishe na nyote muimalize. Kuhusu fimbo, naona umeshaona mwenyewe ilileta nini: siku mbili za kimya, na mtoto aliyenyamaza huwezi kujua anawaza nini.

Kuhusu mashine, usiiuze bila baba yake. Si kwa sababu ni mali yake, bali kwa sababu kijana ataelewa kwamba ligi yao imeuzwa. Zungumzeni nyinyi wawili kwanza, kwa simu akiwa huko porini kama mtandao unapatikana, mkubaliane sheria chache ambazo hata yeye akirudi amechoka hatazivunja kwa kumwonea mtoto huruma: siku za shule hakuna gemu za mtandaoni, mwisho wa wiki kuna idadi ya raundi inayojulikana, mashine inalala chumbani kwa wazazi, hedifoni zinavuliwa nyumbani ili usikie anaongea na nani. Baba akiwa nyumbani, ile mechi yao ya mpira irudi, hata kama ni moja tu. Hii ni gemu ambayo mimi binafsi nisingeizuia.

Tarajia kwamba siku za mwanzo zitakuwa mbaya kuliko sasa, kama ilivyokuwa Marangu. Wazazi wengi huvunjika moyo hapo na kurudisha mashine ili nyumba itulie, na mtoto anajifunza kwamba akipiga kelele vya kutosha sheria huondoka. Lakini yakitokea haya, usisubiri: akitishia kujiumiza au kusema hataki kuishi, akiwapiga watu mara kwa mara, akikataa shule kabisa, au kama baada ya wiki kadhaa za kulala vizuri na kucheza kidogo bado hana furaha kwa jambo lolote. Hapo nenda hospitali ya mkoa au ya rufaa na uulize huduma za afya ya akili. Pia kuna namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, isiyo na malipo, ambayo mtoto au mzazi anaweza kupiga. Ukifika kwa daktari mweleze na habari za usingizi kwa saa halisi, analala lini na anaamka lini, pamoja na kama anakoroma, maana koo au pua zilizoziba nazo huwafanya watoto wawe wakali mchana na wazazi wakalaumu gemu peke yake.

Mama wa Sakina, Arusha

Nimeelewa. Baba yake anarudi Alhamisi, nitamwonyesha mjadala huu wote. Fundi, mwanangu, nimejaribu kufungua ile sehemu ya usimamizi wa familia uliyosema, lakini akaunti ya kijana inaonyesha amezaliwa mwaka 1990, na mashine inamtambua kama mtu mzima. Nifanyeje?

Fundi wa Ngarenaro, Arusha

Mama yangu, karibu nusu ya watoto wanaokuja kwangu wamezaliwa 1990, kwa hiyo usishangae. Njia rahisi ni kufungua akaunti mpya ya mtoto yenye tarehe yake ya kweli, chini ya akaunti yako wewe, kisha uweke namba ya siri kwenye akaunti yako na uiondoe ile ya zamani kwenye mashine. Ujue tu kwamba daraja alilofikia na vitu alivyonunua vitabaki kwenye akaunti ya zamani, haviendi kwenye mpya. Mwambie hilo kabla, baba yake akiwepo, asije akawasha mashine na kukuta kila kitu kimepotea. Kama kuna hatua inakushinda, njoo nayo Ngarenaro mchana wakati hakuna wateja, uje na kijana mwenyewe, tutaipanga tukiwa watatu.